Siri ya Mtungi Bila Kata: Hisabati Inayochungulia Ndani ya Kichwa cha Mtu

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, kwa maana kata ndiyo iingiayo ndani na kutoka. Kwa karne nyingi matabibu waliishi chini ya methali hiyo. Aliyetaka kujua kilichomo ndani ya kichwa cha mgonjwa hakuwa na njia ila kufanya kama kata: kupasua, kuingia na kutazama. Na kichwa ni mtungi wa aina yake, kwani kikishafunguliwa bure, hasara yake hailipiki.

Na ifikiriwe hali ya askari aliyepigwa jiwe la kichwa wakati wa kutuliza ghasia, au ya mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Anazimia kwa dakika chache, kisha anazinduka, anazungumza, anaomba maji, na jamaa zake wanamshukuru Mungu. Baada ya saa mbili tatu kichwa kinazidi kumwuma, anatapika, na anashikwa na usingizi ambao si usingizi. Ndani ya fuvu lake mshipa umepasuka na damu inajikusanya. Kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, damu hiyo inaukandamiza ubongo. Daktari mpasuaji akifungua mahali panapostahili na kwa wakati unaofaa, mtu huyo aweza kupona kabisa. Akifungua pasipostahili, au akichelewa, ni msiba. Kwa hiyo swali lililo mbele ya daktari ni moja tu: damu iko wapi?

Mashine ijibuyo swali hilo kwa muda wa dakika chache huitwa siti-skani. Kwa macho ni kama tundu kubwa la mviringo, na mgonjwa hulazwa juu ya kitanda kinachoteleza kupita katikati yake. Watu wengi huidhani kuwa ni kamera kubwa iliyo bora kuliko kamera nyingine. Sivyo. Picha ya siti-skani haipigwi, bali huhesabiwa. Kinachotoka katika mwili wa mgonjwa ni namba tupu, maelfu kwa maelfu, na ni hisabati ndiyo inayozigeuza namba hizo kuwa picha.

KIVULI PEKE YAKE HAKITOSHI

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa katika elimu hiyo. Tangu hapo madaktari waliweza kuona mfupa uliovunjika bila ya kuukata mkono.

Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli kina kasoro yake. Mtu akitundika kanga tano kwenye kamba moja, moja nyuma ya nyingine, kisha akaweka taa nyuma yake, atayaona maua ya kanga zote kwa pamoja. Hataweza kusema ua hili ni la kanga ya pili na lile ni la kanga ya nne. Ndivyo ilivyo katika picha ya kawaida ya eksirei: mbavu, moyo, mapafu na uti wa mgongo vyote hulaliana. Kichwani mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mfupa wa fuvu huizuia mionzi mno, na ubongo ulio laini hauonekani kabisa nyuma yake.

Kabla ya miaka ya 1970 madaktari walilazimika kutumia mbinu za kuzunguka. Walidunga dawa ya rangi katika mishipa mikubwa ya shingo ili mishipa ya ubongo ionekane katika eksirei; au walitoa maji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake, hewa ipande hadi ubongoni. Njia hii ya pili ilimwachia mgonjwa maumivu makali ya kichwa. Na baada ya tabu yote hiyo, daktari hakuuona uvimbe wenyewe, bali aliona tu jinsi ulivyoisukuma mishipa au hewa kando.

MASHIMO MANNE YA KETE

Ili kuelewa jinsi hisabati ilivyoitatua shida hiyo, haihitajiki elimu ya chuo kikuu. Mchezo wa bao unatosha.

Uwepo ubao mdogo wenye mashimo manne tu: mawili juu, mawili chini. Ndani ya kila shimo mna kete, lakini ubao umefunikwa kwa kitambaa, wala hairuhusiwi kukifunua. Anayeuliza anaambiwa jumla tu. Safu ya juu ina kete 7. Safu ya chini nayo ina kete 7. Mstari wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, una kete 6. Mstari wa kulia una kete 8. Je, kila shimo lina kete ngapi?

Mwenye haraka atajibu: juu ni 4 na 3, chini ni 2 na 5. Jumla zote zinakubali. Lakini mwenzake atasema: hapana, juu ni 5 na 2, chini ni 1 na 6. Naye pia jumla zake zote zinakubali. Basi ushahidi wa pande mbili hautoshi, kama vile hakimu asivyoweza kukata shauri kwa mashahidi wawili wanaoacha mlango wazi kwa hadithi mbili.

Hapo hutafutwa shahidi wa tatu, naye ni mshazari. Anayeuliza anaambiwa kwamba kete za shimo la juu kushoto pamoja na za chini kulia ni 11, na za juu kulia pamoja na za chini kushoto ni 3. Sasa ukweli ni mmoja tu. Na ipo njia nyepesi ya kuupata.

Kwa kila shimo, zijumlishwe jumla zote za mistari ipitayo humo. Shimo la juu kushoto hupitiwa na mistari ya 7, 6 na 11. Jumla yake ni 24. La juu kulia hupitiwa na 7, 8 na 3; jumla ni 18. La chini kushoto ni 7, 6 na 3. Jumla ni 16. La chini kulia ni 7, 8 na 11. Jumla ni 26. Namba hizi ni kubwa mno, kwa sababu kila shimo limebebeshwa pia kete za majirani zake. Lakini ubao mzima una kete 14. Basi itolewe 14 katika kila namba: zinabaki 10, 4, 2 na 12. Kisha zigawanywe kwa mbili: 5, 2, 1 na 6. Kitambaa kikifunuliwa, ndizo kete zenyewe.

Msomaji aliyefuata hesabu hiyo ameishika siri yote ya siti-skani. Kwanza hupatikana jumla kutoka pande nyingi. Pili, kila jumla hurudishwa juu ya mstari wake, kama mtu apakaye rangi kwa kufuata nyayo za mionzi. Tatu, huondolewa kile ambacho majirani walimbebesha asiyekuwa nacho. Hatua hii ya tatu ndiyo ngumu, kwa maana ikiachwa, picha hutoka yenye ukungu na kingo zake hazitambulikani. Mashine huifanya kwa kuzichuja namba kwa kanuni maalumu kabla ya kuzirudisha katika mistari yake. Iko na njia nyingine: kompyuta hukisia picha, hulinganisha jumla za kisio lake na jumla zilizopimwa, husahihisha, na kurudia tena na tena hadi tofauti iwe ndogo kabisa.

KUTOKA KETE HADI MIONZI

Mwili wa mtu hauna kete, lakini una kitu kinachofanana nazo: kila sehemu yake huzuia mionzi kwa kiasi chake. Mfupa huzuia sana, nyama kwa wastani, mafuta kidogo, hewa karibu na hapana. Mwali mwembamba wa eksirei ukipitishwa upande mmoja wa kichwa na kupimwa upande wa pili, upungufu wake hueleza jumla ya vizuizi vyote ulivyokutana navyo njiani.

Hapa pana fundo dogo la kufunguliwa. Mwali haupungui kwa kutoa, bali kwa kugawanya. Tuseme kila ubao mmoja wa mti hupitisha nusu ya mionzi. Mionzi 1,000 ikigonga ubao wa kwanza hubaki 500. Baada ya wa pili hubaki 250. Baada ya wa tatu hubaki 125. Hesabu ya bao haiwezi kufanya kazi na namba za namna hiyo. Lakini mtu akihesabu ni mara ngapi mionzi imekatwa nusu, atapata moja, mbili, tatu, naye amerudi katika kujumlisha. Kazi hiyo ya kugeuza kuzidisha na kugawanya kuwe kujumlisha na kutoa ndiyo kazi ya logi, zile zile ambazo wanafunzi wa sekondari wa zamani walizitafuta katika vitabu vya majedwali huku wakijiuliza zitawafaa nini maishani.

Katika mashine ya kwanza ya hospitali, mwali ulipita kichwani katika mistari 160 iliyokwenda sambamba. Kisha mashine ikageuzwa kwa digrii moja na kupima tena 160, hivyo hivyo hadi ikafika mara 180. Vikawa vipimo 28,800. Kipande cha kichwa kilichopimwa kiligawanywa katika vijumba 80 kwa 80, yaani 6,400, na kila kijumba ni shimo moja la bao ambalo idadi ya kete zake haijulikani. Hakuna karani ambaye angeimaliza hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi mgonjwa akingali hai. Kwa sababu hiyo siti-skani ilingoja mpaka kompyuta ilipozaliwa.

WATU WATATU, KAZI MOJA

Jambo la kustaajabisha katika historia hii ni kwamba jibu lilitangulia swali. Mwaka 1917, wakati Vita Kuu ya Kwanza vikiendelea, mtaalamu wa hisabati wa Austria aitwaye Johann Radon alichapisha makala mjini Leipzig. Yeye hakwenda vitani kwa sababu macho yake hayakuona mbali. Alithibitisha kwamba mtu akijua jumla ya kila mstari ulionyooka upitao katika umbo, basi umbo lote laweza kujengwa upya, na akaiandika kanuni yake. Hakuwa akifikiria wagonjwa. Lilikuwa swali la hisabati, akalijibu, na jibu likalala katika makabati ya vitabu.

Mtu wa pili alikuwa mzaliwa wa Afrika. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, akasomesha fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur ya mjini humo, ile ile ambayo mwaka 1967 ilikuja kujulikana duniani kwa kumpandikiza mtu moyo wa mwingine kwa mara ya kwanza, ilikosa mwanafizikia wa kusimamia madawa yake yenye mionzi. Sheria ilitaka lazima awepo. Cormack akakubali kwenda huko siku moja na nusu kila juma. Alipokuwa akitazama madaktari wakipanga tiba ya saratani kwa mionzi, aliona kwamba walihesabu kana kwamba mwili wote ni kitu cha namna moja, kana kwamba mfupa na pafu ni sawa. Akajiuliza: je, haiwezekani kupima kutoka nje na kujua kila sehemu ya ndani inazuia kiasi gani?

Bila ya kujua kwamba Radon alikwisha kulijibu swali hilo, Cormack alilitatua mwenyewe. Mwaka 1957 aliijaribu kanuni yake kwa kitu rahisi: kisahani cha aluminiamu kilichozungushiwa pete ya mti. Hesabu ilitoka vizuri, isipokuwa katikati kabisa, ambapo namba zilikataa kulingana na nyingine. Aliyezoea kuvunjika moyo angesema kanuni ina kosa. Cormack alikwenda kuuliza karakana iliyokitengeneza kisahani, akaambiwa kwamba katikati yake palikuwa na kigingi cha aluminiamu ya aina tofauti kidogo. Jicho lisingetambua, lakini hesabu ilitambua. Mwaka huo alihamia Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tufts, na mwaka 1963 na 1964 akachapisha kazi yake. Karibu hakuna aliyejali. Miongoni mwa wachache walioomba nakala ni kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji milimani.

Mtu wa tatu alikuwa askari. Godfrey Hounsfield alizaliwa mwaka 1919 katika wilaya ya Nottinghamshire nchini Uingereza, akalelewa shambani miongoni mwa mashine za kilimo. Vilipoanza Vita Kuu ya Pili alijiunga na Jeshi la Anga, akajifunza ufundi wa rada, kisha akawa mkufunzi wa rada huko Cranwell. Baada ya vita alisomea stashahada ya umeme, akaajiriwa na kampuni ya EMI, ambayo watu wengi waliijua kwa santuri zake za muziki. Huko aliongoza kazi ya kuunda kompyuta. Mwaka 1967 alijiuliza swali la mtungi: ikiwa vipimo vitachukuliwa kutoka pande zote za sanduku lililofungwa, je, haiwezekani kujua kilichomo?

Mashine yake ya kwanza ya majaribio ilikuwa ya kuungaunga. Aliiweka juu ya kitako cha mashine ya kukerezea vyuma, na badala ya eksirei akatumia mionzi ya gama iliyokuwa hafifu. Kuchukua vipimo vya picha moja kulichukua siku tisa, na kompyuta kubwa ikatumia saa mbili na nusu kuzihesabu. Alipoweka mtambo wa eksirei, siku tisa zikawa saa tisa. Alijaribu kwa bongo za maksai, akaona kwamba sehemu nyeupe na za kijivu za ubongo zinatofautishika. Hapo ndipo alipojua kwamba yuko katika njia iliyonyooka.

MGONJWA WA KWANZA

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, eneo la Wimbledon mjini London, mwanamke mmoja aliyedhaniwa kuwa na uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo alilazwa katika mashine hiyo. Aliyesimamia upande wa udaktari alikuwa Dkt. James Ambrose. Kila kipande cha picha kilichukua kama dakika tano, na vipimo vilihifadhiwa katika ukanda wa sumaku vikapelekwa kwenye kompyuta ya EMI ili vihesabiwe. Picha iliporudi, uvimbe ulionekana wazi, mahali pake na ukubwa wake. Mpasuaji alipofungua aliukuta kama picha ilivyoonyesha. Mtungi ulikuwa umesema siri yake kabla kata haijaingia.

Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa tiba, wala hakuna aliyekuwa na shahada ya udaktari wa falsafa. Radon alikuwa amefariki mwaka 1956, miaka 15 kabla ya kanuni yake kumfikia mgonjwa wa kwanza.

MIZANI YA MAJI NA HEWA

Jina la Hounsfield limebaki katika mizani inayotumiwa na hospitali zote duniani. Katika mizani hiyo maji ni 0 na hewa ni kasoro 1,000. Mafuta ya mwili ni kiasi cha kasoro 100. Ubongo huwa kati ya 20 na 45. Damu iliyoganda karibuni huwa kati ya 50 na 80. Mfupa mgumu hufika 1,000 na kupita. Kila alama moja ni sehemu moja ya elfu ya nguvu ya maji ya kuizuia mionzi.

Hapa ndipo faida inapoonekana. Kati ya ubongo na damu iliyoganda pana tofauti ya alama chache tu katika elfu. Filamu ya kawaida haiwezi kuionyesha, lakini namba haisahau. Daktari huiamuru kompyuta ichukue alama chache anazozitaka na kuzitandaza kutoka weusi hadi weupe, na damu ikaonekana nyeupe kando ya ubongo wa kijivu.

Tofauti hiyo ndogo huamua uhai katika ugonjwa wa kiharusi. Mtu hupooza upande mmoja ghafla, mdomo ukapinda, maneno yakakataa kutoka. Aweza kuwa mshipa wake umeziba, au umepasuka. Kwa macho magonjwa haya mawili hufanana kama pacha, lakini tiba zake hupingana. Aliyeziba mshipa aweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikiwa amefika kabla ya kupita muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zilipoanza. Dawa hiyo hiyo akipewa aliyepasuka mshipa, yaweza kumwua. Kwa hiyo daktari mwenye busara hataki kubahatisha. Huitazama picha kwanza.

Tangu mwaka 1989 zilipoanza mashine zinazozunguka mfululizo huku kitanda kikisogea, kazi imekuwa nyepesi zaidi. Mashine nyingi za leo humzunguka mgonjwa kwa nusu sekunde au pungufu, na kifua kizima hupimwa katika muda wa kuzuia pumzi mara moja. Majeruhi wa ajali ya gari au wa risasi huweza kutazamwa ini, bandari, mapafu na uti wa mgongo kwa safari moja, na mpasuaji akajua pa kuanzia.

KESI YA MIAKA 3,300

Wapelelezi nao wamefaidika. Katika baadhi ya nchi maiti hupitishwa katika siti-skani kabla ya kupasuliwa, ili ijulikane risasi ilipita wapi na kipande chake kimebaki wapi. Katika viwanja vingi vya ndege hesabu hiyo hiyo hutumika kukagua mizigo, maana mabomu yana namba zake kama vile mafuta na mfupa vilivyo na zake.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya mfalme wa Misri, Tutankhamun, aliyefariki yapata miaka 3,300 iliyopita akiwa kijana. Mwaka 1968 picha za kawaida za eksirei zilionyesha vipande vya mfupa ndani ya fuvu lake, na watu wakanong'ona kwamba aliuawa kwa pigo la kisogoni. Tarehe 5 Januari 2005 maiti yake ilitolewa kaburini katika Bonde la Wafalme ikapitishwa katika siti-skani iliyoletwa kwa gari, zikapatikana picha takriban 1,700. Wataalamu waliozichunguza hawakuona dalili ya pigo la kichwa. Walieleza kwamba vipande vile vilivunjika baada ya kifo, na kwamba mfalme alikuwa na umri wa kama miaka 19. Kivuli kilimshitaki mtu asiyejulikana, hesabu ikamwachilia.

KILA KITU KINA GHARAMA YAKE

Isidhaniwe kwamba mashine hii haina madhara. Mionzi ya eksirei ikizidi huweza kuongeza hatari ya saratani baada ya miaka mingi. Mwanadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na katika chakula, kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka kwa wastani wa dunia. Eksirei moja ya kifua ni 0.1 au pungufu. Siti-skani ya kichwa ni kama 2, karibu sawa na ya mwaka mzima wa asili. Ya tumbo yaweza kufika 8 au 10, yaani ya miaka mitatu au minne. Kwa mtu aliyevuja damu kichwani, hatari hiyo ni ndogo mno kulinganisha na kifo kilicho mlangoni. Lakini kwa mwenye maumivu madogo ya kichwa ambayo daktari ameyapima na kuyaelewa, haifai kushinikiza apigwe picha kwa kuwa tu jirani yake alipigwa. Watoto huathirika zaidi, na mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, hana budi kusema mapema.

Mara nyingine mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya joto ili mishipa ionekane. Aliye na ugonjwa wa figo, au aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya dawa kama hiyo, asinyamaze. Na askari aliyebaki na vipande vya chuma mwilini akumbuke tofauti hii: siti-skani haitumii sumaku, hivyo chuma huharibu picha kidogo lakini hakisogei. Mashine nyingine iitwayo MRI hutumia sumaku yenye nguvu nyingi, na kipande cha chuma karibu na jicho au mshipa chaweza kuvutwa. Kabla ya kuingia humo ni lazima aseme.

Ya mwisho ni kwa jamaa nyumbani na kwa wenzi kikosini, kwa sababu mashine haimfikii mgonjwa, bali mgonjwa hufikishwa kwake. Aliyepigwa au kuanguka kwa kichwa asiachwe peke yake kwa kuwa tu amezinduka. Apelekwe hospitali mara moja akianza kutapika tena na tena, kichwa kikizidi kumwuma, akisinzia kupita kawaida au kuchanganya maneno, akishikwa na kifafa, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu ukilegea, au maji na damu vikimtoka puani au masikioni. Abebwe amenyooka, shingo isipindwe. Na saa aliyoumia iandikwe, kwani ndilo swali la kwanza ambalo daktari ataliuliza.

Wahenga walisema pia kwamba akiba haiozi. Kanuni iliyoandikwa mwaka 1917 ilikaa miaka 54 kabla ya kumwokoa mtu, wala haikuoza. Basi mtoto akirudi shuleni akilalamika kwamba logi na milinganyo havina faida, mzazi na achukue kete, achimbe mashimo manne mchangani, ayafunike, amtajie jumla zake, kisha amwambie aeleze kila shimo lina ngapi bila ya kufunua.